Saa ya babu ikinguruma usiku, msikimbilie kuitupa

Nyumba nyingi zina kifaa kimoja cha zamani ambacho hakuna mwenye moyo wa kukitupa. Kwa baadhi ya familia kifaa hicho ni saa ya umeme ya vibao, ile ambayo dakika ikitimia, kibao chenye namba hudondoka na kingine kuonekana.

Saa hizi zilivuma sana miaka ya 1960 na 1970. Kampuni ya Solari ya Udine, Italia, ilizitengeneza, na pia ilitengeneza mabango makubwa ya ratiba ya stesheni na viwanja vya ndege yanayotumia vibao vya aina hiyo hiyo. Copal ya Japani ilitengeneza mitambo iliyowekwa ndani ya saa za majina mbalimbali. Nyingine zimeingia majumbani mwetu kwenye sanduku la ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo, nyingine zimenunuliwa kwa wauza mitumba.

Tatizo kubwa la saa hizi zikizeeka ni kelele. Mchana hazisikiki, lakini usiku watoto wakishalala mngurumo unafika hadi chumba cha pili. Hapo mzazi huichomoa na kuitupia juu ya kabati, au huwapa watoto waifungue wachezee. Njia hii ya pili ni hatari, maana kifaa hicho hutumia umeme wa ukutani moja kwa moja. Ipo njia nyingine: kuitengeneza pamoja na mtoto, kila mmoja kwa kazi inayolingana na umri wake.

Mwenye saa aulizwe kwanza

Kama saa ni ya babu au bibi, aombwe ruhusa kabla ya skrubu ya kwanza kuguswa. Aambiwe ukweli pia, kwamba huenda ikapona na huenda isipone. Mzee aliyeamkia saa hiyo miaka 40 ana haki ya kusema "iacheni kama ilivyo." Na mtoto anayeshuhudia mazungumzo hayo anajifunza kwamba kitu cha mtu hakifunguliwi bila idhini yake, hata kama nia ni njema.

Kwa nini inanguruma

Ndani kuna mota ndogo inayofuata mapigo ya umeme. Umeme wa Tanzania na Kenya hupiga mara 50 kila sekunde, yaani hezi 50, na mota huzunguka kwa kuhesabu mapigo hayo. Kwa kuwa inazunguka kasi mno kwa saa, gia ndogo zilizofungiwa kwenye kikasha cha chuma huipunguza mwendo.

Gia hizo zilipakwa mafuta kiwandani, na huenda hazijaongezwa tena. Baada ya miaka mingi mafuta hukauka au huganda kama gundi. Gia zinaanza kusagana, na hiyo ndiyo kelele inayosikika.

Sikilizeni kabla ya kufungua

Kazi hii hata mtoto wa miaka sita anaiweza. Saa iwekwe juu ya taulo lililokunjwa. Kelele ikipungua sana, huenda meza ndiyo iliyokuwa ikikuza sauti, na kitambaa chini ya saa kinatosha. Kisha mzazi abonyeze kasha taratibu kwa kiganja. Mtetemo ukikoma, kuna skrubu iliyolegea au mpira uliochakaa. Mwisho, saa iinamishwe upande mmoja, halafu mwingine. Sauti ikibadilika kila inapogeuzwa, gia zimekauka.

Kukiwa na harufu ya kuungua, au waya ukiwa umepasuka ganda, kazi ya nyumbani iishie hapo. Saa ichomolewe na ipelekwe kwa fundi wa umeme.

Plagi mezani, mbele ya wote

Kabla ya kufungua, plagi itolewe ukutani na kuwekwa juu ya meza ambapo kila mtu anaiona. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Plagi isirudi kwenye soketi mpaka kasha limefungwa, na anayeichomeka awe mtu mzima. Saa yenye redio ndani iachwe kwa fundi, kwa sababu baadhi ya vipuri vyake vinaweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Mtoto wa miaka kumi anaweza kupewa sahani ya kupangia skrubu kwa mpangilio zilivyotoka, na simu ya kupiga picha kila hatua. Picha hizo ndizo zitakazoonyesha kila waya ulipita wapi wakati wa kurudishia.

Matone mawili yanatosha

Mota huwa imeshikiliwa na skrubu chache. Ikishalegezwa na kugeuzwa, mhimili wake mdogo ukiangalia juu, kijana mwenye mkono mtulivu anaweza kudondosha tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani pale mhimili unapoingia kwenye kikasha. Kisha mota ipashwe joto kidogo kwa draya ya nywele, iwe vuguvugu tu. Inapopoa, mafuta huvutwa ndani. Iachwe hivyo usiku kucha, na asubuhi zoezi lirudiwe mara moja.

Mafuta ya kupikia yasitumike, maana yataganda. Mafuta ya taa na dawa za kupuliza za kutoa kutu hukauka upesi na kuacha gia zikiwa kavu tena. Vibao vya namba visiguswe na tone lolote, kwa kuwa mafuta huvifanya vigandane na kushika vumbi. Mafundi wengine hutoboa kikasha ili mafuta yafike ndani zaidi. Hilo libaki kwao.

Saa iliyotoka Marekani

Saa ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya huku, mota inaweza kuungua. Transfoma ya kushusha volti huiokoa, lakini haibadilishi mapigo ya umeme. Kwa hiyo saa itachelewa dakika 10 kila saa, hata ikitiwa mafuta bora kiasi gani. Familia ijue hivyo mapema, ili mtoto asidhani ameiharibu. Mota ya kubadilisha nayo lazima ilingane kwa volti, hezi, kasi na upande inakozunguka.

Jaribio lifanyike mchana

Baada ya kufunga kasha, saa iwashwe watu wakiwa macho, na muda wake ulinganishwe na wa simu baada ya saa nzima. Kasha likipata joto lisilo la kawaida, ichomolewe. Isiachwe ikifanya kazi usiku wa kwanza.

Ikitulia, mtoto aandike tarehe kwenye kipande cha karatasi na kukibandika chini ya saa, kwa nje, pamoja na aina ya mafuta yaliyotumika. Atakayeifungua miaka ijayo, pengine yeye mwenyewe akiwa mzazi, atajua pa kuanzia.