SUMU ISIYOOZA NA HAKI YA WATAKAORITHI ARDHI



Dawa nyingi za shamba huvunjwa polepole na jua na vijidudu vya udongo. Aseniki haivunjiki. Kama ilivyo kwa chuma au shaba, iingiapo ardhini hubaki, ikalimbikizana mwaka hadi mwaka.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ng'ombe wa Afrika Mashariki waliogeshwa katika majosho yenye aseniki ili kuua kupe. Majosho yalikwisha, sumu haikwisha. Mwaka 2009 uchunguzi uliikuta pia katika udongo na maji karibu na machimbo ya dhahabu ya North Mara, wilayani Tarime.

Udongo mwekundu, wenye chuma na mfinyanzi, huishika aseniki isizame upesi. Kwa hiyo hukaa juu, penye mizizi. Lakini mvua ikiuporomosha udongo huo, sumu husafiri nao hadi bondeni. Huko, jaruba likijaa maji, hewa hupungua ardhini, chuma huyeyuka na kuiachia aseniki. Mpunga huinyonya kuliko nafaka nyingine. Aliaye wali huo miaka mingi hujiongezea hatari ya saratani.

Kwa hiyo mteremko wa Uluguru si shauri la mlimani peke yake. Maji yake huingia mto Ruvu, unywewao hata Dar es Salaam. Hata hivyo, amri tupu haihifadhi ardhi. Mwaka 1955 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta. Watu walikataa, ghasia zikazuka. Kazi ileile, ikikubaliwa na wenye mashamba, ni ulinzi wao wenyewe.

Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, wazee waonyeshe palipokuwa na majosho, na serikali ya kijiji isigawe viwanja vya kulima hapo kabla udongo haujapimwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wako hapahapa Morogoro. Pili, nguzo na mbao zilizotiwa dawa zisichomwe jikoni, wala majivu yake yasimwagwe bustanini, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Tatu, miteremko ishikwe kwa miti, majani na makinga maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi na salama. Mtoto ambaye hajazaliwa hawezi kuja mkutanoni kuidai. Tuliopo ndio tunaopaswa kumsemea.