Bibi Harusi, Kuni Utachanjia Nini?



Nawaandikia kutoka Mpanda, mkoani Katavi, na leo siongelei shela wala mikono ya abaya. Naongelea kuni. Msicheke. Harusi ninazozishonea hapa, bibi harusi anapewa chupa za chai nne, seti mbili za sahani, mazulia, mapazia, na mashoga wanachangishana hadi kabati la vyombo. Hakuna anayeuliza huyu mtoto wa watu kuni atachanjia nini, na wiki ya pili ya ndoa anaonekana uani ameinama na shoka la kuazima.

Kwetu visiwani tumezoea makumbi, vifuu na matawi makavu ya mkarafuu, vitu ambavyo panga linatosha, au hata goti. Huku ni nchi ya miombo. Kuni inakuja gogo zima, zito, lenye vifundo. Ukinunua zilizokwisha kuchanjwa unalipia na jasho la mtu mwingine, kwa hiyo wengi wetu tunanunua magogo au tunachukua vipande vya mninga kwa maseremala, kisha tunachanja wenyewe. Najua atakayesema kuchanja ni kazi ya mume. Sawa, na akiwepo achanje, heri kwake. Lakini waume wa huku wako shambani kwenye tumbaku, wako machimboni, wako safarini, na maharage hayamngoji mtu.

Maoni yangu ni haya: kifaa cha kuchanjia kinachomfaa mwanamke nyumbani ni kile ambacho makali yake hayatembei. Makali yakae pale pale, nyundo ndiyo iende na kurudi.

Angalia shoka tunavyolitumia. Mkono mmoja umeshika kipande cha kuni kisianguke, mwingine umeinua shoka, mtoto yuko mgongoni au anazungukazunguka hapo hapo. Makali yanashuka kuelekea vidole vyako. Likiteleza kwenye kifundo, linakwenda kwenye ugoko. Na shoka letu la kienyeji, lile ambalo mkia wa chuma umepenyezwa kwenye kichwa cha mpini wa mti, limetengenezwa kwa kukatia. Ubapa wake ni mwembamba, kwa hiyo kwenye gogo linanasa badala ya kulitanua, na ukilipigapiga likiwa limenasa mpini unapasuka kabla ya gogo.

Sasa wauzaji wa mitandaoni wanaleta dawa yao. Kuna koni ya chuma yenye hesi kama skrubu kubwa, unaifunga kwenye drili, inazunguka na kujichimbia ndani ya kuni mpaka ipasuke. Inauzwa bei ya kuvutia na kwenye video inafanya kazi kama uchawi. Mimi ni fundi nguo, na nasema kwa ajili ya nguo zetu: dada, usiisogelee. Anayeshona anajua gurudumu la cherehani linavyovuta uzi, na kitambaa kikifuata. Hilo ni gurudumu linalosimama ukiinua mguu. Koni ya kwenye drili haimjui mwenye kanga wala mtandio, na mkono mpana wa abaya ndio chakula chake cha kwanza. Anayeionyesha kwenye video amevaa fulana.

Mashine za umeme na za petroli za kusukuma gogo taratibu kwenye kabari ni jambo jingine. Hizo ni nzuri kwa mwenye biashara ya kuni. Kwa jiko la nyumba moja naziona israfu: ya umeme inakula wati 1,500 na zaidi, bei yake inapita cherehani mpya, na mpira wa mafuta ukipasuka huku Mpanda utangoja spea iletwe na treni kutoka Tabora.

Kifaa ninachokitetea ni rahisi kuliko vyote hivyo. Mwaka 2013 huko New Zealand, msichana wa shule wa miaka 13, Ayla Hutchinson, alimwona mama yake amejikata kidole akichanja kuni. Kwa kazi yake ya maonyesho ya sayansi shuleni akageuza mambo juu chini: kabari imesimama imara, makali yakitazama juu, na juu yake pete ya chuma ya kuizuia kuni isianguke. Unasimamisha kuni ndani ya pete, unaiachia, unapiga kichwani mwake kwa nyundo. Vidole haviko popote karibu na makali. Leo kinauzwa nchi nyingi kwa jina la Kindling Cracker. Sikushauri uagize cha huko, maana ni kizito na usafiri utakumaliza. Mchoree fundi wa kuchomelea wa mtaani kwako, ataelewa kabla hujamaliza kueleza.

Makali yatoke kwenye springi ya lori iliyochakaa, chuma ambacho wahunzi wetu wanatengenezea majembe na mashoka miaka yote. Nondo nene mbili au tatu za kusimama, pete juu, na bamba la chini lenye matundu ya kulifunga kwenye kisiki kizito. Hapa ndipo pa kumsimamia fundi. Chuma cha springi kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kirahisi pale kilipochomelewa kwa haraka. Aipashe moto kwanza, achomelee, kisha aiache ipoe yenyewe. Ukimwona anachukua kopo la maji ili umlipe uondoke, mwambie utarudi kesho. Na kama ambavyo nguo unaigeuza ndani uone mshono kabla ya kulipa, mwambie asipake rangi kwanza. Rangi nyekundu inayong'aa imeficha nyufa nyingi.

Kifaa hiki kina mpaka wake. Ni cha vipande vinavyoingia kwenye pete, vilivyokatwa kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Gogo nene linataka kabari ya kawaida na nyundo kubwa kwanza. Tafuta ufa uliokwisha jitokeza kichwani mwa gogo, anzia pembeni kuelekea kati, na kifundo ukiache kwa mwisho. Kabari ikishapigwa sana kichwa chake kinachanua kama uyoga. Kipeleke kikasagwe, maana vile vipande vya pembeni huruka, na jicho halina spea. Kwa sababu hiyo hiyo usipige kisogo cha shoka kwa nyundo. Miwani ya kuchomelea isiyo na giza inauzwa madukani ya vifaa vya ujenzi, na inavalika juu ya ushungi bila taabu.

Shoka si kitu cha kuonea aibu kwenye mali ya bibi harusi. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa habari ya Answari aliyekuja kuomba. Mtume (s.a.w.) akamuuliza ana nini nyumbani, akaleta nguo na bakuli, vikauzwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha watu wake, ya pili ikanunua shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mikono yake. Wapo wanazuoni walioizungumzia isnadi yake, lakini habari hii tunasomeshwa tangu madrasa, na mimi kinachonigusa ni ule mpini.

Wengine mtaniuliza, gesi je? Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, ikitaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia, na mimi mtungi ninao. Chai na uji wa mtoto napikia gesi. Lakini sufuria la pilau la walima, maharage ya saa tatu, na mtungi kuisha tarehe 20 kabla hujalipwa gauni la watu? Kuni bado zipo, na maadamu zipo, afadhali ziwake vizuri. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kuni nene na mbichi inatoa moshi, nyembamba na kavu inawaka. Tena ukiichanja inakauka upesi, na huku tuna kiangazi kirefu, kuanzia Mei hadi Oktoba. Chanja Juni, panga chini ya bati penye upepo, Novemba mvua ikianza jirani atakuwa anapuliza na wewe unaepua.

Mashoga wanaochangia zawadi, ukataeni ule mchango wa chupa ya chai ya tano. Nendeni kwa fundi watatu wanne, mgawane bei ya chuma na kazi. Na siku ya kwenda, bebeni kipande cha kuni kile hasa atakachokuwa akikitumia, pete ipimwe juu yake, kama ninavyowaambia mje na viatu vya harusi siku ya kupima gauni.