Modemu nayo inasikia joto



Kwa vikundi vyetu vingi, kabini ya kutuma pesa na kuchaji simu imekuwa kama shamba la pili. Inalipa minervali, inanunua chumvi na sabuni, inajaza likelemba. Lakini kuna lalamiko moja linalorudi kila mara, tena saa zilezile: kuanzia saa sita mchana mpaka saa tisa, mtandao unapotea. Mteja amesimama, pesa imetoka kwake na haijulikani kama imefika kwa mtoto Kindu, na mama mwenye kabini anailaani kampuni ya simu.

Mara nyingine kampuni ndiyo yenye kosa, hatuitetei. Ila kabla ya kulaumu, weka kiganja juu ya modemu. Kama huwezi kukiacha hapo ukihesabu mpaka kumi, shaka joto kwanza. Vyombo vingi vya aina hii vimetengenezwa kwa hewa isiyozidi digrii 40. Ndani ya kibanda cha mabati chenye mlango mmoja, kwenye rafu iliyo karibu na paa, jua la mchana linavuka kiwango hicho kwa urahisi. Chombo kikizidiwa kinapunguza mwendo au kinajizima. Jioni kikipoa kinafanya kazi tena, na sisi tunasema mtandao umerudi.

Basi kishushe. Hewa ya moto inapanda, kwa hiyo rafu ya chini, upande usiopigwa na jua la alasiri, ni bora kuliko ile ya juu. Kisiguse sakafu, maana mvua zetu mnazijua. Na kile kitambaa kizuri cha kufuma ambacho tunafunikia kila kitu cha thamani nyumbani, kitoe. Vile vitundu vya pembeni ni pua za modemu.

Hapa wengi mtauliza: na wezi je? Ni swali la haki. Ndiyo sababu modemu nyingi zinafungiwa ndani ya sanduku la mbao na kufuli, na humo zinaungua polepole. Mwambie seremala akate uwazi chini ya sanduku na mwingine juu upande wa nyuma, aweke wavu wa waya mgumu, na ndani yake kipande cha chandarua. Chandarua ni kwa ajili ya mende, maana wanapenda sana sanduku lenye joto. Kioshe kikijaa vumbi, la sivyo umefunga tena dirisha. Mwenye uwezo aongeze feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 kwenye uwazi wa juu, ikisukuma hewa nje. Inakula umeme kidogo mno.

Kuna mtu huwa anasema, mbona huko Kivu mitambo haisumbui? Ni kweli kwamba kwenye kisiwa cha Idjwi wananchi waliwahi kufungiwa mtandao wa jamii, Pamoja Net, uliotumia umeme wa jua. Lakini Ziwa Kivu liko mita zaidi ya 1,400 juu ya bahari, na wenzetu kule wanavaa sweta. Kindu na sisi jirani zake tuko karibu na mita 500. Fundi aliyejifunza kazi Bukavu akikufungia vyombo, mweleze hivyo.

Batri ndiyo inayoumia zaidi, na ndiyo ghali. Mafundi wana hesabu yao: batri ya risasi na asidi ikikaa kwenye joto la digrii 35 badala ya 25, maisha yake yanapungua karibu nusu. Ile ambayo ingedumu miaka minne inakufa baada ya miwili, na kikundi kinaanza kuchanga tena. Iweke kwenye kivuli, mahali pa kupita hewa, mbali na jiko. Isikae kwenye chumba wanacholala watoto: inapochajiwa inatoa gesi inayoweza kuwaka. Na simu za wateja zisipangwe juu ya godoro wala kurundikwa kama mihogo. Kila moja ipate nafasi yake juu ya meza.

Usiku je, tuzime? Wengine wanazima ili kupoza. Mimi naona kwa unyevu wa msitu wetu, chombo kilichohamishiwa mahali penye hewa kinaweza kubaki kimewaka kama batri inatosha. Joto dogo linafukuza unyevu ndani yake.

Isipokuwa radi. Uchunguzi wa wanasayansi uliotolewa mwaka 2016 uliitaja Kampene, hapahapa Maniema, kati ya sehemu zinazopata radi nyingi kabisa Afrika. Ukisikia ngurumo bado iko mbali, chomoa waya wa umeme na ule wa antena. Ikishafika juu ya kibanda usiguse waya wowote, ondoka tu.