Tupewe namba, si neno « normale »

Wandugu ba mugodi, na bamama ku nyumba, kila mara tunatolewa damu, na jibu ni neno moja: « normale ». Normale ya ngapi?

Risasi, ile plomb, inapimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu moja ni sehemu ya milioni ya gramu. OMS inasema damu ikifika 5 kwa desilita moja, lazima kutafuta risasi inatoka wapi. Na hakuna kiasi OMS inakubali kama hakina mubaya.

Kwa kitu kidogo hivi, vumbi lililobaki ku kidole linatosha kuharibu kipimo. Basi mikono inaweshwa na sabuni, na damu inatolewa mu mushipa wa mukono. Lakini kuna hila tumeiona: kupima mutu akitoka konji. Mu damu, nusu ya risasi inapunguka kwa muda wa kama mwezi moja. Mu mifupa inabaki miaka na miaka. Namba ya konji inapendeza, ndiyo, na kesho yake munarudi mu vumbi.

Tunaomba namba na tarehe ziandikwe, na karatasi ibaki kwa mwenye damu.

Na batoto je? Baba anarudi na nguo ya kazi, mutoto anamurukia. Kule Kabwe, hapa jirani mu Zambia, mugodi ulifungwa 1994, na mpaka miaka hii batoto banakutwa na risasi mu damu. Bale habakushuka mu shimo hata siku moja. Kampuni zilipe kipimo chao pia.

Ku mukutano wa sendika unaokuja, kila mutu alete karatasi yake ya mwisho. Asiyekuwa nayo, aseme mbele ya bote.