Mlo wa Kale si Nyama Peke Yake

Kuna neno limeingia mijini na sasa limefika mpaka mashambani, nalo ni "mlo wa watu wa kale". Walioupokea kwa mikono miwili ni vijana wanaonyanyua vyuma. Wao husema kwamba mwanadamu kwa asili yake ni mwindaji, na chakula chake ni nyama, samaki, mayai, matunda na mizizi. Nafaka, maharage na maziwa, wanasema, vilikuja baadaye, navyo ndivyo vinavyotuharibu. Anayetaka misuli na aache ugali, ale kama walivyokula watu wa mapangoni.

Nisingelishughulikia jambo hili kama lisingaliingia katika nyumba ninayoijua.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai huko Kericho. Nilikwenda kumtazama. Nchi ile iko juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua haikosi alasiri. Michai imefunika vilima mpaka macho yachoke, na sisi watu wa Pwani hulala na koti. Nyuma ya nyumba yake nilikuta makopo mawili yaliyojazwa saruji, yameunganishwa kwa bomba la chuma. Kila jioni baada ya Magharibi huyanyanyua mpaka jasho limtoke katika baridi ile. Hilo lilinifurahisha. Tulifundishwa tangu chuoni kwamba muumini mwenye nguvu hupendeza zaidi mbele ya Mola kuliko aliye dhaifu, ingawa kila mmoja ana kheri yake.

Lililonisumbua nililiona wakati wa chakula. Mbele yake paliwekwa sahani ya nyama ya ng'ombe isiyopungua nusu kilo, imekaangwa na shahamu yake. Mbele ya mkewe na watoto watatu paliwekwa ugali, sukumawiki, na mchuzi wa ile nyama. Nilimtazama, naye akafahamu ninachokitazama.

"Mjomba, nyama si haramu," akaniambia.

"Si haramu, mwanangu," nikamjibu. "Lakini hata cha halali kina kiasi chake."

Alipotoka kwenda zamu ya usiku, mkewe aliniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, mshahara huishia buchani. Nami nikisema naambiwa sijui mambo ya afya." Akaongeza kuwa mshipi wa mumewe umetobolewa matundu mawili mapya tangu aanze mlo huo. Mabega yamepanuka, ni kweli, lakini na tumbo nalo limetangulia mbele. Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu baba yake kijana huyu tulimzika kwa maradhi ya kisukari hajatimiza miaka sitini.

Siku ya pili tulikwenda pamoja Bomet kumzuru mzee mmoja wa Kikipsigis, jirani yake wa zamani. Umri umekwenda, lakini mgongo umenyooka na tumbo halimo. Tulikaribishwa mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, pamoja na ugali wa wimbi na mboga za mgagani. Mpwa wangu alimuuliza kama wazee wao walikuwa wakila nyama kila siku. Mzee alicheka. Akasema ng'ombe alikuwa mali, mahari na heshima ya mtu, na mwenye akili hachinji mali yake kila jioni. Nyama ilikuwa ya sherehe, ya mgeni, au ya ng'ombe aliyepatwa na ajali. Chakula cha kila siku kilikuwa wimbi, maziwa na mboga.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tunaambiwa turudi kwa watu wa kale, lakini wa kale gani? Habari hii ilipata nguvu huko Marekani mwaka 1985, wataalamu S. Boyd Eaton na Melvin Konner walipoandika katika jarida la tiba juu ya chakula cha wawindaji wa zama za mawe. Mwaka 2002 Loren Cordain alitoa kitabu kilicholieneza jambo hili duniani. Hoja yao ina ukweli ndani yake. Watu wa kale hawakuwa na sukari ya kiwandani, wala unga uliokobolewa mpaka ukawa mweupe kama chokaa, wala mafuta ya kukaangia kila kitu. Anayeviacha hivyo hapotezi kitu.

Lakini hoja hiyo ikivutwa sana hukatika. Mwaka 2009 mtaalamu Julio Mercader alieleza kwamba katika pango la Ngalue, huko Msumbiji, alikuta chembe za wanga wa mtama juu ya zana za mawe za zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Basi hata wa mapangoni waligusa nafaka. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao baadhi yao wanaishi kwa uwindaji hadi leo, hula mizizi, matunda, ubuyu na asali kwa wingi, pamoja na nyama siku inapopatikana. Na kuhusu maziwa, mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kuwa watu wengi wa jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki wamerithi uwezo wa kumeng'enya maziwa hata ukubwani, uwezo ulioenea katika maelfu machache ya miaka iliyopita. Mkipsigis anayekunywa mursik hakosani na maumbile yake.

Ipo habari nyingine ya Wahadza ambayo kila mnyanyua vyuma yafaa aijue. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu inayotumiwa na miili yao kwa siku. Walitarajia kukuta watu wale, wanaotembea kutwa, wanatumia nguvu nyingi kuliko wakaao mijini Marekani na Ulaya. Wakakuta kwamba, ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, matumizi yanakaribiana. Maana yake ni kuwa jasho peke yake halikulindi na kitambi. Usidhani saa moja ya makopo ya saruji inakupa ruhusa ya kula utakavyo.

Wengine watanitajia wanariadha. Kericho ndiko alikozaliwa Wilson Kiprugut, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mita 800 huko Tokyo mwaka 1964, kisha akapata ya fedha Mexico mwaka 1968. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 na Vincent Onywera na wenzake juu ya wakimbiaji kumi wa Kikalenjin ulionyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya nguvu ya chakula chao ilitoka katika wanga: ugali, wali, viazi, mkate na sukari ya chai. Nyama ilikuwa kidogo. Hao ndio walioishangaza dunia, na hawakuukimbia ugali. Hata hivyo tusidanganyane. Mkimbiaji huiunguza sukari barabarani tangu alfajiri. Fundi na karani hawaiunguzi. Mwenye kunywa vikombe vitano vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, amekula kiasi cha gramu 60 za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na kwa mtu wa kadiri hiyo ni kama gramu 50 tu. Katika nchi ya chai, kitambi kingi huanzia kikombeni.

Basi afanyeje anayetaka misuli bila tumbo? Misuli hujengwa na mambo matatu: kazi ya kunyanyua inayozidi kidogo kidogo, usingizi wa kutosha, na protini. Wataalamu waliokusanya chunguzi nyingi mwaka 2018 walikuta kwamba faida ya protini hufikia kikomo penye kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mwenye kilo 70, kama mpwa wangu alivyokuwa kabla ya tumbo, anahitaji gramu 112 hivi. Tuhesabu kwa chakula cha Kericho. Mayai mawili yana gramu 12. Glasi tatu za maziwa au mursik, 24. Mnofu uliopikwa wa gramu 150, usio na shahamu, kama 40. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Ugali wa milo miwili, 20 hivi. Jumla ni 111. Hesabu imetimia, na nyama iliyotumika ni robo kilo mbichi, au pungufu.

Kinachozidi hapo hakigeuki kuwa misuli kwa kuwa kimetoka kwa ng'ombe. Gramu moja ya shahamu ina kalori 9, na gramu ya protini au ya wanga ina 4. Kwa hiyo nyama yenye mafuta, iliyokaangwa ndani ya mafuta mengine, ndiyo iliyotoboa mshipi ule. Achemshe au achome mnofu, apunguze ugali siku asiyofanya kazi nzito, chai ainywe bila sukari, na mboga asizihesabu. Kila Ijumaa apime uzito na kiuno. Uzito ukipanda polepole na kiuno kikabaki, ajue ni misuli. Vikipanda vyote viwili kwa pamoja, apunguze sahani. Na kwa kuwa kisukari kimo katika damu yao, aende hospitali akapimwe.

Sisi Waislamu tuna jambo moja zaidi. Wafugaji wa zamani walichanganya damu ya fahali na maziwa, na mwindaji wa kale hakumwacha nguruwe mwitu. Kwetu hayo hayana nafasi. Kwa hiyo hatuwezi kuiga mlo wa kale mzima mzima, tutake tusitake, lazima tuchague. Na kipimo tumepewa zamani. Kitabu kimetukataza israfu katika kula na kunywa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alielekeza tumbo ligawanywe mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Mwezi wa Ramadhani nao si kikwazo: anaweza kunyanyua vyuma vyake baada ya tarawehe, na mayai na maziwa yakaingia katika daku.

Lakini kubwa kuliko yote ni ile sahani. Hata wawindaji hawa waliosifiwa, mtu akirudi na windo, nyama hugawanywa kambini. Anayekula nusu kilo mbele ya watoto wanaochovya mchuzi hajafuata mlo wa kale wala wa sasa. Mtoto ndiye anayejenga mwili. Ndiye mwenye haja ya kwanza ya yai na maziwa. Nguvu za baba zina faida gani ikiwa watoto ndio wanaozilipia kwa unyonge?

Nilipoagana naye sikutaka kumhutubia mbele ya mkewe. Nilimwachia karatasi yenye ile hesabu, na chini yake beti hii:

Mlo wa kale si nyama, peke kuifakamia,
Na mboga nazo ni njema, na maziwa kutilia,
Nguvu zataka huduma, tumbo kulizuilia,
Ale mtu kwa heshima, wengine kubakizia.

Wiki tatu baadaye mkewe alinipigia simu kunijulia hali. Akaniambia kuwa siku hizi nyama inakatwa vipande sawa kwa watu watano, na makopo ya saruji bado yananyanyuliwa. Habari za mshipi sikumwuliza.