Tuwaenzi waliosimama dhidi ya dhulma

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, yapo maonesho ya picha za kuchora yanayoandaliwa sehemu mbalimbali duniani kuwaenzi watu waliokabiliana na dhulma. Huko Marekani, mchoraji Robert Shetterly alianza kazi hiyo mwaka 2002 na amekwisha kuchora picha zaidi ya 200, kila moja ikiwa na maneno ya mwenye sura hiyo. Picha hizo hupelekwa mashuleni na kumbi za jamii ili vijana wapate mazingatio. Basi na tujiulize: sisi wa Same na Milima ya Upare, tungemuenzi nani? Na je, kuchora ndiyo njia yetu?

Jibu la swali la kwanza tunalo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, chini ya utawala wa Mwingereza, watu wa Upare walitozwa kodi iliyoitwa mbiru, jina lililochukuliwa kutoka ushuru wa kale wa watawala wa jadi. Kodi hiyo ilikuja juu ya kodi ya kichwa, na kila mtu alikadiriwa kwa mali yake. Wazee wetu hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni makadirio waliyoyaona hayana mizani ya haki. Januari 1945, maelfu yao waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi wakitaka kusikilizwa. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakainuka, wakamkabili ofisa wa serikali, wakidai shauri limalizwe na waume zao warejee majumbani. Kabla ya muongo ule kwisha, mbiru ilikuwa imefutwa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliyaandika mambo haya katika kitabu mwaka 1971.

Ama swali la pili, wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu picha, lakini hadithi za kuwakemea watengenezaji wa sura za viumbe wenye roho zinajulikana. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kuwa Wadd, Suwaa na wenzao waliotajwa katika Surat Nuh walikuwa watu wema. Walipofariki, watu wao waliwawekea masanamu ili wawakumbuke. Elimu ilipotoweka, masanamu yale yakaabudiwa. Tuzingatie: sura zilibaki, mafunzo yakapotea.

Kwa upande mwingine, mtazameni Bibi Khawla binti Thaalaba (R.A.). Alimlalamikia Mtume (S.A.W.) juu ya dhulma aliyotendewa na mumewe, na Mwenyezi Mungu akateremsha mwanzo wa Surat Al-Mujadila kwa ajili ya shauri lake. Hatuna picha yake hata moja, lakini karne kumi na nne baadaye kisa chake kinasomwa madrasani. Hajasahauliwa kwa kukosa picha, kwa kuwa maneno yake yalihifadhiwa.

Hapo ndipo penye hofu yetu. Akina mama wa Usangi hatukuwachora, na wala hatujayahifadhi maneno yao. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1945 leo amefikia au amepindukia miaka tisini. Kila jeneza tunalolisindikiza huenda limebeba ushahidi ambao hakuna aliyeuuliza. Kujiepusha na picha ni jambo la dini. Kusahau si dini, ni uzembe.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila familia imkalishe mzee wake, imuulize, na irekodi sauti yake. Pili, madrasa na shule za Same na Mwanga ziandae maonesho ya majina na maneno, yaandikwe kwa hati nzuri na kutundikwa ukutani. Tatu, majirani zetu Wakristo wakiamua kuchora, tusigombane nao. Tuwape majina na habari tulizonazo, kwani mbiru haikuchagua msikiti wala kanisa.

Na zaidi ya yote, tusiwaenzi kwa ukuta peke yake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa neno la haki mbele ya mtawala dhalimu ni katika jihadi bora. Surat An-Nisaa nayo inatuamuru kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Anayewasifu wanawake wa Usangi siku ya Ijumaa, kisha Jumamosi akamnyima binti wa marehemu nduguye fungu lake la urithi, huyo amesimama upande wa mkadiriaji.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atujaalie ujasiri wa kusema haki na unyenyekevu wa kuambiwa haki. Amin.