Hepburn Hakuijulisha Dunia Kongo

Aliyeandika kwamba Katharine Hepburn ndiye aliyeijulisha dunia Kongo angetuuliza kwanza sisi wa Kabambare. Ni kweli, mwaka 1951 aliigiza The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu. Na maji ya Luama yetu huingia Lualaba yakashuka mpaka huko. Lakini filamu yenyewe inadai mto ule uko Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914! Waafrika ndani yake wanaimba kanisani, nyumba zao zinachomwa, basi, wametoka.

Ufundi wa mama yule sibishani nao. Oscar nne si mchezo, na televisheni nayo ilimpa Emmy mwaka 1975. Ila kuigiza vizuri kwenye mto wetu si kutujulisha.

Ukitaka uso wa Kongo, mtaje Rachel Mwanza, aliyelala mitaani Kinshasa utotoni, kisha akatwaa tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2012 kwa filamu ya Rebelle. Nayo haikuitaja nchi, najua. Lakini safari hii kamera ilimfuata Mkongomani mwenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho.